Soksi ya Mguu Mmoja

Soksi ilikuwa moja, na hilo ndilo lililomsumbua mama mkwe. Angekuta mbili angezirudisha chini ya godoro alikozitoa, akaendelea kufagia. Lakini hii ilikuwa moja tu, ndefu kutoka vidoleni hadi pajani, rangi ya ngozi. Aliivuta ikavutika, akaiachia ikarudi kama ilivyokuwa. Akainusa. Ilinukia sabuni, na si sabuni ya nyumba hii.

"Mkeo kanunuliwa soksi," alimwambia mwanawe jioni ile.

Mwanawe alikuwa fundi wa madirisha ya chuma, na wakati huo alikuwa uani akisugua masizi mikononi. "Kanunuliwa na nani?"

"Ningemjua si ningekutajia?"

"Ngapi?"

"Moja."

Fundi akacheka. "Mama, mwanamume gani ananunua soksi moja?"

"Nyingine kabaki nayo," mama alisema. "Ya ukumbusho."

Fundi aliendelea kucheka, ila kicheko kiliishia njiani. Maana na yeye alikuwa na yake moyoni. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, na hakuna aliyetoka asimwone. Wiki ya sita sasa, kila ikifika saa kumi kasorobo alasiri, mkewe alivaa raba, akaaga kwamba anakwenda kukaa kwa shoga yake mtaa wa pili. Alirudi saa kumi na mbili kasoro, shingo ikimtiririka jasho, uso unang'aa, akiulizia chakula. Mtu anatoka jasho gani kwa kukaa?

Na huyu si mtu aliyetarajiwa kutoka jasho. Miezi minane nyuma alikuwa ametolewa kizazi kwa saratani ya mlango wake, akapigwa mionzi mara ishirini na tano, na mwisho daktari akamwambia amepona, aje achunguzwe kila miezi mitatu. Neno hilo la kupona lilifika nyumbani likakosa pa kukaa. Mama mkwe alificha beseni la kufulia. Jagi la maji lilishushwa rafu ya chini, asije akanyoosha mkono. Akikohoa, watu wawili walisimama.

Mguu wake wa kushoto ulipoanza kuvimba, hospitali walimweleza kwamba tezi za kinenani zimeondolewa pamoja na ugonjwa, maji ya mwili hayana pa kupita, na dawa yake ni soksi ya kubana na mazoezi. Akaanza siku hiyo hiyo kupanda na kushuka kizingiti cha jikoni, mara kumi, mara kumi na tano. Mama mkwe alipomwona alipiga ukelele uliojaza majirani uani. Fundi alitoka mbio karakanani, kinyago cha kuchomelea kikiwa bado juu ya kipaji, akasimama mbele ya watu wote akaapa kwamba akimwona tena anajirusharusha hivyo na mshono wake tumboni, atamrudisha kwa kaka yake wakamlinde wao. Majirani wakatikisa vichwa, wakamhurumia mume. Mke alisimama pale kizingitini na kanga imemlegea, amefumaniwa akipanda ngazi moja.

Tangu siku ile hakufanya zoezi ndani ya nyumba. Alijifunza kusema uongo, na uongo ukamzoea.

*

Kwa kazi mke huyu alikuwa dobi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja ya ghorofa nne, na msimamizi wa pale alikuwa amemshikia nafasi hadi Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Ikipita hiyo, nafasi ina watu. Hotelini walijua ni upasuaji wa tumbo, basi. Jina la ugonjwa hakulitaja, kwa sababu alikuwepo siku walipolisikia la mpishi mmoja. Mpishi yule aliambiwa kwa upole akapumzike, na kikombe chake kikatupwa, kana kwamba saratani inaambukizwa kwa chai.

Dobi aliitaka kazi yake kuliko alivyowahi kukitaka kitu. Mshahara ulikuwa na maana, nani asiyetaka mshahara. Lakini zaidi alitaka mahali ambapo akiinama hakuna anayepiga kelele.

Kwa hiyo kila alasiri alikwenda hospitali, nyuma ya stoo ya dawa, kwenye ukumbi mrefu wenye mita thelathini zilizopimwa na kuwekewa utepe mwekundu huku na huku. Walikuwa wanawake watano, wote waliopitia kisu au mionzi sehemu zile zile zisizotajwa mezani. Aliyewafundisha alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwa ajili ya filimbi aliyoivaa shingoni walimwita Kocha. Alikuwa mkali wa kuchekesha.

"Kaa, simama! Kaa, simama! Kiti hakina miba! Wewe wa mwisho, unasukuma kwa mikono, nimekuona. Mikono kifuani!"

Walikaa na kusimama. Walivuta mipira ya kunyoosha mabega. Walijifunza kuinua ndoo kwa magoti badala ya kiuno, kuanzia kilo mbili, na Kocha hakumruhusu mtu kupanda kilo kabla hajamwona akipumua vizuri. Na kila Jumanne walitembea dakika sita huku na huku kati ya tepe, kisha Kocha akahesabu umbali, kila mmoja akaandika mita zake. Jumanne ya kwanza dobi alipata mita mia mbili themanini na tano, akatapika. Jumanne hii ya sita alipata mia tatu sitini na moja, akacheka mwenyewe ukumbini mpaka wenzake wakamwuliza ana nini.

"Nilikuwa nimesahau kwamba nina miguu," alisema.

Saa moja jioni ya siku hiyo, dobi akiwa bafuni nyumbani, simu yake iliwaka kitandani. Fundi aliiangalia. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Kocha, na ulikuwa mfupi: "Kesho saa kumi kamili. Usisahau soksi. Leo umenifurahisha mno."

*

Fundi aliirudisha simu kitandani. Mtu wa chuma huzoea kungoja kitu kipoe ndipo akishike, na yeye alingoja hadi kesho yake. Mkewe alipotoka na raba zake, aliufungua mkoba wa zamani uliokuwa nyuma ya mlango. Ndani alikuta daftari dogo. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu ulioandikwa.

Jumanne, 285. Jumanne, 298. Jumanne, 310. Jumanne, 324. Jumanne, 343. Jumanne, 361.

Miaka mitatu iliyopita yeye mwenyewe alifunga vyuma vya madirisha kwenye hoteli anayofanyia kazi mkewe, na aliikumbuka vizuri ile milango ya ghorofa ya tatu na vibati vyake vya shaba: 301, 302, 303. Aliisoma orodha mara ya pili kwa kidole. Kila Jumanne chumba kipya.

Mlango ukabishwa. Alikuwa shoga wa mtaa wa pili, kaja na machungwa ndani ya mfuko.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa wetu," alisema. "Wiki ya tatu hii sijamtia machoni. Anaendeleaje?"

Mama mkwe alimvutia kiti kwa furaha ambayo hakuhangaika kuificha. "Karibu mwanangu, karibu ukae. Rudia hapo, wiki ya ngapi?"

Fundi alivaa shati juu ya ovaroli na kutoka.

*

Msimamizi wa usafi hotelini alikuwa mwanamke wa miwani na funguo nyingi, asiyeliamini hata shuka lililotoka dukani. Alilisoma lile daftari, akaligeuza, akaangalia na jalada.

"Hizi ni namba za vyumba vyangu, unasema."

"Nakuuliza wewe, mama."

"Hoteli hii ina vyumba arobaini. Ghorofa ya pili inaishia 210, ya tatu inaishia 310. Chumba 361 ukikitafuta utatokea hewani." Aligonga karatasi kwa kalamu. "Kilichopo hapa ni 310 peke yake, na anakaa mzee wa miaka themanini, mwezi wa pili sasa. Kutembea anatembezwa. Ni huyo unayemshuku?"

Wahudumu wawili waliokuwa wakikunja foronya pembeni waliinamisha vichwa, mabega yakawacheza. Fundi alihisi aibu ikimpanda kutoka shingoni, na kwa kutaka kuifukuza aliongea kuliko alivyokusudia.

"Mimi nina haki ya kushuku! Mtu katolewa kizazi, kachomwa mionzi, saratani ile, mama, saratani! Hawezi kuinua jagi. Miezi minane simgusi hata bega nisimuumize. Halafu kila siku anatoka anarudi anacheka. Ungekuwa wewe?"

Kukunja foronya kukakoma. Msimamizi alivua miwani taratibu.

"Saratani," alisema. "Mimi niliambiwa tumbo."

Hapo ndipo fundi alipojua amefanya nini.

"Na hawezi kuinua jagi," msimamizi aliendelea, akiandika. "Kikapu cha mashuka mabichi kina kilo kumi na sita, baba. Asante kwa kuja."

*

Simu ya msimamizi ilimkuta dobi ukumbini, amekaa chini anafunga upya kamba za raba. Alisikiliza, akajibu "ndiyo" mara tatu na "nitafika" mara moja. Kocha alimwangalia.

"Nani kafa?"

"Hajafa bado," alisema dobi. "Nakwenda kumkuta nyumbani."

Alimkuta sebuleni pamoja na mama yake. Shoga alikuwa ameshaondoka. Machungwa yalikuwa mezani. Dobi hakuketi. Alipandisha gauni mbele yao hadi juu ya goti, akaivua ile soksi polepole, kama anayebandua plasta. Mguu wa kushoto ulikuwa mnene kuliko mwenzake, ngozi imevutika, na soksi ilikuwa imeuchora mistari.

"Ile mliyoiona juzi ilikuwa imefuliwa, na leo nimeivaa. Wanauza moja kwa sababu mguu unaovimba ni mmoja," alisema. "Ningetoa ushahidi mwingine, lakini ninyi mmeshautangaza."

"Kocha ni nani?" fundi aliuliza.

Dobi alimpigia Kocha simu, akasema yuko na mumewe, akaiweka kwa sauti ya wote. Upande wa pili palisikika filimbi, kisha mwanamke mzima akafoka: "Nani? Mume? Mwambie aje kesho, nina shida ya mtu wa kunishikia mita! Na azime moto wake huko, mke wake jana kapiga mia tatu sitini na moja!"

"Mia tatu sitini na moja nini?" fundi aliuliza.

"Mita, baba! Kwa dakika sita! Ulidhani nini?"

Mama mkwe aliangalia simu ilipozimwa, akanong'ona kwamba siku hizi kuna wanaume wanaojua kuigiza sauti. Hakuungwa mkono.

"Jumatatu natakiwa nipandishe kikapu kutoka chumba cha kufulia hadi kamba za juu ya paa," dobi alisema. "Ngazi tisini na sita. Kabla hujakwenda ilikuwa nirudi tu niendelee na kazi. Sasa napimwa kama punda wa mnadani. Nikishindwa, narudi hapa kitandani, nanyweshwa maji na mama yako mpaka nife kwa uvivu." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Nilikuwa nimepona. Umekwenda kuniuguza hotelini."

Fundi aliutazama ule mguu. Hakuwa amewahi kuuona. Miezi minane alikuwa akilala mgongo kwa mgongo na mtu mwenye mguu ule.

*

Jumatatu wafuaji wote walikuwa wamepanga sababu ya kuwepo ngazini. Kikapu kilisimama mlangoni kimejaa, maji yakidondoka. Msimamizi alikuwa na saa mkononi. Fundi aliambiwa abaki nje getini, na alibaki, karibu na mlinzi ambaye alishasimuliwa habari za chumba 361 na aliendelea kumtazama kwa jicho la pembeni.

Dobi alikizunguka kikapu. Halafu akachukua beseni, akaanza kuhamishia mashuka, moja moja, mpaka kikapu kikabaki nusu.

"Unafanya nini?" msimamizi aliuliza.

"Navunja mzigo. Nitapanda mara mbili."

"Wenzako hupanda mara moja."

"Wenzangu wakifika juu hukaa kwenye tangi wanapunga upepo robo saa, na wewe huku chini unadhani wanaanika." Wafuaji waliguna, mmoja akamwita msaliti, nusu kwa utani. "Anza kuhesabu. Simamisha nikimaliza kuanika shuka la mwisho."

Alichuchumaa, mgongo wima, akapumua nje wakati wa kuinua, kama alivyofundishwa. Kilo nane alizijua. Hadi ghorofa ya pili alisikia Kocha masikioni akifoka. Ghorofa ya tatu mguu wa kushoto ulianza kuwa mzito ndani ya soksi, na alipita mbele ya mlango wa 310 uliokuwa wazi. Mzee wa miaka themanini alikuwa kwenye kiti akimtazama. Aliinua mkono kumsalimia. Dobi akajikuta anacheka, na kicheko kikampandisha ngazi nyingine kumi.

Alianika, akashuka, akapanda mara ya pili. Safari hii hakucheka. Ghorofa ya nne alisimama akashika ukuta, na msimamizi aliyekuwa nyuma yake akasema haraka, "Umeshindwa?"

"Nimesimama," alijibu. "Kuna tofauti." Akaendelea.

Shuka la mwisho lilipobanwa kwenye kamba, saa ilisoma dakika ishirini na mbili. Msimamizi aliiangalia, akaitikisa, akaipeleka sikioni. Aligeuka akawatazama wafuaji waliowafuata hadi juu.

"Ninyi huwa mnatumia thelathini na tano," aliwaambia. Kisha akamgeukia dobi, na sura yake haikulainika. "Ulinidanganya kuhusu tumbo."

"Ulitupa kikombe cha mpishi."

Upepo ulipuliza mashuka. Msimamizi alihesabu funguo zake kana kwamba moja imepotea.

"Mwezi mmoja wa majaribio," alisema mwishowe. "Nakutazama kila siku. Na mumeo asikanyage tena hapa kuja kuhesabu vyumba."

*

Getini fundi alinyanyuka. "Imekuwaje?"

"Naanza kesho," alisema mkewe, akampita.

Alitembea kwa mwendo wa ukumbini, mikono ikisukuma hewa, macho mbele. Fundi alimfuata. Mwanzoni alidhani atamfikia kwa hatua za kawaida. Kisha akarefusha hatua. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anatweta. Mwanamume wa kushinda amechuchumaa juu ya chuma na moshi, mwendo haukuwa wake.

"Nimekosa," alisema nyuma ya bega lake. "Nakwambia nimekosa."

"Nimekusikia. Tembea."

Walipita kinyozi, wakapita mama wa mitumba. Fundi alishika ubavu.

"Nikwambie kitu? Usikasirike. Nilipoziona zile namba, kabla ya hasira, nilifurahi kidogo."

Mwendo wa mkewe ulipungua nusu hatua, ukarudi.

"Kila usiku nasikiliza unavyopumua. Kila asubuhi nakutazama kwanza kifuani. Nikasema, kama ana mwanamume, basi hafi. Mtu anayekufa hatafuti mwanamume. Na mwanamume mimi naweza kupigana naye." Alikimbia hatua mbili kumfikia. "Ile nyingine sijui naipigaje."

Dobi aliangalia saa, akatembea hadi pale zilipotimia dakika sita, kwenye nguzo ya umeme mbele ya mashine ya kusaga, akasimama. Fundi alifika akaikumbatia nguzo. Mkewe alitoa daftari na kalamu kwenye mkoba, akampa.

"Andika."

"Niandike ngapi?"

"Si ulikuwa nyuma yangu? Hukuhesabu hatua?"

"Nilikuwa naongea," alisema fundi kwa unyonge.

Mkewe alimtazama kama anayepima shuka kwenye mwanga kama limetakata. Bado hakumwamini. Ingechukua miezi, na alijua. Lakini alinyoosha mkono, akaushika wake wenye makovu ya cheche, akauweka begani kwake, ulale hapo wazi, mbele ya watu wa mashine.

"Nimeumia?" aliuliza.

"Hapana," alisema fundi.

"Basi turudi getini tuanze upya. Safari hii uhesabu."

Walirudi. Getini mlinzi aliwatazama wakija, akawatazama wakigeuka tena bila kuingia, akaamua kwamba familia ile ina matatizo. Fundi alihesabu kwa sauti, hatua kwa hatua, pumzi zikimkata. Mbele ya kinyozi dobi alimsikia akiruka kutoka mia mbili kumi na nne hadi mia mbili thelathini. Hakumsahihisha.